SHERIA NA NYUMBA ZETU: Talaka Hukata Ndoa, Haikati Uzazi

Katika mji wa Garissa, katika mashamba yaliyo kando ya mto Tana, na mbele zaidi hata Wajir na Mandera, hakuna jambo linalosemwa sana na kuandikwa kidogo kama talaka. Watu wakioana, majirani huitwa, mbuzi huchinjwa, na sheikh huozesha mbele ya mashahidi. Lakini watu wakiachana, mara nyingi huwa ni neno moja tu, limetamkwa usiku nyumbani au limeletwa kwa simu kutoka machungani au kutoka Nairobi. Kesho yake mke hufunga vyombo vyake akarudi kwa wazazi wake. Na watoto ama humfuata, ama huzuiliwa, kadiri ya nguvu za kila upande.

Basi juma hili twataka kueleza kwa utaratibu jinsi sheria inavyosema juu ya mambo matatu: kuachana kwa mume na mke, ulezi wa watoto, na masurufu. Na katika yote tutakayosema, twamwomba msomaji alishike neno moja: talaka hukata ndoa, lakini haikati uzazi. Mtu akimwacha mkewe, yeye si mume tena. Lakini hakuacha kuwa baba. Hivyo ndivyo isemavyo sheria ya dini, na ndivyo isemavyo sheria ya nchi. Taabu nyingi tunazoziona katika Kaskazini Mashariki hazitoki katika sheria hizo mbili, bali zatoka katika kutozijua, au katika kuzijua na kuzifumbia macho.

Milango Miwili

Kwanza yafaa tujue mahali pa kupeleka shauri. Makadhi si jambo geni katika Kenya. Katika mwaka 1895, Waingereza walipoanza kutawala ukanda wa Pwani uliokuwa wa Sultani wa Unguja, makadhi walikuwako tayari, nao wakaachwa waendelee na kazi yao. Ulipokaribia Uhuru, mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta na Bwana Muhammad Shamte, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwa barua kwamba mahakama hizo zitahifadhiwa. Sheria ya Mahakama za Kadhi ikatungwa mwaka 1967, na Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ikazithibitisha katika kifungu chake cha 170.

Leo mahakama za Kadhi ziko Garissa, Wajir na Mandera. Wako watu wanaodhani kwamba Kadhi ni mshauri wa msikitini tu, ambaye maneno yake mtu aweza kuyafuata au kuyaacha. Sivyo. Kadhi ni hakimu. Amri yake huandikwa na kupigwa mhuri, na asiyeridhika nayo hana ruhusa ya kuipuuza, bali hukata rufani katika Mahakama Kuu, ambayo nayo ina makao Garissa. Lakini mamlaka ya Kadhi yana mipaka. Yeye huamua mambo ya Kiislamu ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na ni sharti wote wenye shauri wawe Waislamu na wakubali kuhukumiwa naye.

Tena yafaa akina mama wajue neno moja lililomo katika sheria ile ya mwaka 1967. Imeandikwa humo kwamba mashahidi wote wasikizwe bila kubaguliwa kwa sababu ya dini wala ya kuwa mwanamume au mwanamke, na kwamba Kadhi aupime ukweli wa ushahidi, si wingi wa mashahidi. Kwa hiyo mwanamke asiogope kwenda kwa kufikiri kwamba neno lake halitahesabiwa.

Mlango wa pili ni Mahakama ya Watoto, ambayo husimamiwa na hakimu wa kawaida. Mahakama hii hufuata Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 2001. Huingia humo mtu wa dini yoyote, kwani mwenye shauri hasa ni mtoto.

Huenda msomaji akauliza: Je, Kadhi naye aweza kuamua habari za ulezi na masurufu ya watoto? Katika jambo hili majaji wa Mahakama Kuu hawakuwa na kauli moja. Wengine walisema kwamba ulezi wa watoto hufuatana na talaka, kwa hiyo Kadhi aweza kuuamua. Wengine wakasema kwamba Bunge limeupa mlango mmoja tu, yaani Mahakama ya Watoto. Kwa mtu wa kawaida shauri letu ni hili: mambo ya talaka, eda na mahari yapelekwe kwa Kadhi. Habari za watoto, kama wazazi wote wawili wamekubaliana mbele ya Kadhi, ni vyema. Lakini ikiwa kuna ubishi mkali, na mmoja wao ana wakili, ni heri kwenda Mahakama ya Watoto, maana mamlaka yake juu ya watoto hayana mtu wa kuyabisha, na hukumu haitatanguliwa baadaye kwa sababu ya mlango.

Talaka na Haki Zake

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yasema wazi kwamba kuvunjwa kwa ndoa ya Kiislamu kutafuata sheria ya Kiislamu. Watu wengi wa sehemu hizi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, kwa hiyo tutaeleza kwa njia hiyo.

Mume akimwacha mkewe mara ya kwanza au ya pili, talaka hiyo ni ya rejea. Mke hukaa eda, nayo kwa mwanamke mwenye kuingia mwezini ni tohara tatu. Asiyeingia mwezini ni miezi mitatu. Na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Katika eda ya talaka rejea mume ana haki ya kumrudia. Lakini haki hiyo ina gharama yake, maana siku zote hizo nyumba, chakula na nguo za mke ziko juu yake. Sura ya At-Talaq yamkataza mume kumtoa mke nyumbani katika eda. Basi ile desturi tuliyoitaja, ya kumfungisha mke mizigo asubuhi ya pili, si dini, ni mazoea tu.

Pamoja na nafaka ya eda, mke ana haki ya mahari yake yote yaliyosalia. Hapa pana kosa kubwa lifanywalo katika nchi ya Wasomali. Kuna mali iitwayo yarad, ambayo jamaa za mume huwapa jamaa za mke. Na kuna meher, ambayo ni mahari ya mke mwenyewe, iliyotajwa wakati wa kuozeshwa. Ikiwa zilitajwa ngamia au fedha za meher, na hazikulipwa, basi hizo ni deni la mke juu ya mume, wala si za baba yake wala za kaka yake. Jamaa hawawezi kulisamehe deni lisilo lao ili wapate kupatana. Tena mke aliyeachwa pasipo kosa lake hupewa mut'a, yaani mali ya kumliwaza, na Kadhi hukadiria kiasi chake kwa kutazama hali ya mume.

Mke Naye Ana Njia

Wako waume wanaomwacha mke bila chakula, bila habari na bila talaka. Hao humwambia: "Sikuachi, wala sikurudii." Mke huyo hukaa miaka, si mke wala si mtalaka. Sheria haikumwacha katika gereza hilo. Ikiwa yeye ndiye asiyemtaka mume, aweza kuomba khului, yaani kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari au kiasi watakachopatana. Na ikiwa mume hawezi kumtunza, au kuna aibu nyingine zinazotambuliwa na sheria, mke aweza kumwomba Kadhi aifute ndoa kwa faskhi, na hapo hahitaji tamko la mume.

Kabla ya hayo, Sura ya An-Nisaa yaagiza wapelekwe waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke, wajaribu kusuluhisha. Jirani zetu wa Tanzania wana jambo linalofanana na hilo katika Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo hutaka ugomvi upelekwe kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya kufika mahakamani kwa talaka.

Kuna bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, jina lake Susan Hirsch, aliyechunguza mahakama za Kadhi katika Pwani ya Kenya, akaandika kitabu kilichotolewa mwaka 1998. Aliona kwamba wengi wa waletao mashtaka kwa Kadhi ni wanawake, na kwamba mara nyingi hushinda. Watu hudhani kazi ya mume ni kutamka na kazi ya mke ni kuvumilia. Kumbe mbele ya Kadhi mke naye husema, na husikizwa. Lililowezekana Mombasa na Malindi laweza kufanyika Garissa vile vile.

Maslaha ya Wazee

Twafika sasa katika jambo zito. Kaskazini Mashariki ina wazee wenye hekima, na mashauri mengi huamuliwa chini ya mti kwa njia ya maslaha. Hatusemi kwamba njia hiyo ni mbaya. Imezuia damu nyingi kumwagika kati ya koo na koo. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, yaagiza mahakama zikuze njia za jadi za kupatanisha watu. Lakini kifungu hicho hicho chaongeza kwamba njia hizo zisivunje haki za watu zilizoandikwa katika Katiba, wala zisiende kinyume cha haki na maadili mema.

Upungufu wa maslaha katika habari za talaka ni kwamba wanaokaa chini ya mti ni wanaume, nao hutafuta amani ya koo mbili. Mwanamke husemewa na kaka yake au ami yake. Mtoto hasemewi na mtu.

Tuchukue mfano. Tuseme bwana mmoja mfugaji amemwacha mkewe, nao wana mtoto wa miaka mitatu. Wazee wakaamua kwamba bwana huyo atoe mbuzi watano, na mambo yamalizike. Mbuzi wakatolewa, wakachanganywa na mbuzi wa kaka wa mke, dua ikasomwa, watu wakaondoka wameridhika. Sasa tufanye hesabu kama makarani. Mtoto wa miaka mitatu amebakiwa na miaka 15 kufika utu uzima wa miaka 18. Miaka 15 ni miezi 180. Mbuzi watano kwa miezi 180 ni mbuzi mmoja kwa kila miezi 36. Je, yuko mtu awezaye kumlisha mtoto, kumvika, kumtibu na kumpeleka shule kwa mbuzi mmoja katika miaka mitatu? Wala hatujahesabu ukame, wala ugonjwa wa mbuzi, wala kaka huyo atakapowauza ili atimize haja zake mwenyewe.

Kosa la wazee hao halikuwa uchache wa mbuzi. Kosa lao lilikuwa kuweka haki mbili katika mfuko mmoja. Mali ya kumaliza ugomvi wa mume na mke yaweza kulipwa mara moja na kwisha. Lakini chakula cha mtoto hakilipwi mara moja, kwa sababu mtoto hali mara moja. Wala hakuna mtu, awe mama, mjomba au mzee wa ukoo, awezaye kuiuza haki ya mtoto au kuisamehe kwa niaba yake. Basi twawaomba wazee wetu: wakikaa kwa maslaha ya talaka, wamalize ya mume na mke, kisha wafungue neno la pili, wakisema: "Na mtoto je?" Wakishapatana, maneno yaandikwe, yatiwe sahihi, yapelekwe mahakamani yakathibitishwe kuwa amri. Heshima ya wazee haitapungua kwa hilo. Bali neno lao litapata meno.

Mtoto Akae kwa Nani?

Kuna maneno mawili yanayosemwa sana katika sehemu hizi kana kwamba ni sheria. La kwanza: "Mtoto akifika miaka saba ni wa baba." La pili: "Mama akiolewa tena, baba humchukua mtoto." Tuyatazame yote mawili.

Wanavyuoni wa Shafi wafundisha kwamba mtoto mdogo hulelewa na mama yake mpaka afikie umri wa kutambua mambo, nao hukadiriwa kuwa kama miaka saba. Lakini akifika umri huo, hatwaliwi kama mfugo. Huulizwa achague kati ya baba na mama. Mtoto wa kiume akimchagua mama, hulala kwa mama, na mchana baba humshughulikia katika chuo na kazi. Na akichagua kwa mama, masurufu yake hayamwondoki baba hata senti moja.

Kuhusu mama aliyeolewa na mume asiye jamaa ya mtoto, ni kweli kwamba wanavyuoni wasema haki yake ya ulezi huondoka. Lakini haiendi kwa baba moja kwa moja. Katika madhehebu hayo, mama wa mama, yaani bibi mzaa mama, humtangulia baba. Ni wanaume wangapi waliomnyakua mtoto siku ya arusi ya mama yake, wakidai wametimiza dini, na bibi yake yuko hai, ana nguvu na ana nyumba?

Hayo ni ya dini. Sheria ya nchi nayo, katika kifungu cha 53 cha Katiba, yasema kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Na kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, faida ya mtoto ndiyo itangulie. Hakimu wa Mahakama ya Watoto hutazama umri wa mtoto, hali yake ya afya na masomo, mwenendo wa wazazi, na matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia kuyasema. Huweza kumpa mmoja ulezi na mwingine siku za kumwona mtoto, au kuwapa wote wawili kwa pamoja. Huko Tanzania sheria imekwenda kwa njia iliyo karibu na hiyo, ikichukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba afaa kukaa na mama yake, mpaka ionekane sababu ya kutofanya hivyo.

Baba asemaye, "Mwanangu atakuja kuchunga ngamia," na afikiri vizuri. Kuchunga ni kazi ya heshima, nayo ndiyo iliyoilisha nchi hii tangu zamani. Lakini Katiba imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Mtoto aliyetolewa darasani akapelekwa malishoni kwa sababu ya ugomvi wa wazazi wake hakulelewa. Ametumiwa kama fimbo ya kumpigia mama yake. Hali kadhalika mama amfichaye mtoto asionane na baba yake, ili apate kumlipiza, amemdhulumu mtoto kabla ya kumdhulumu baba.

Masurufu

Sasa twaja katika fedha. Kipimo cha masurufu ni uwezo. Sura ya At-Talaq yaeleza kwamba mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na mwenye dhiki atoe kwa kadiri alivyojaliwa. Mahakama ya Watoto nayo hutazama mapato na mali ya wazazi wote wawili, na haja za mtoto. Kwa sheria ya Kenya masurufu huendelea mpaka mtoto atimize miaka 18, na mahakama yaweza kuyaongeza muda ikiwa bado yumo masomoni au ana ulemavu.

Kwa karani, mwalimu au askari mwenye mshahara, jambo hili ni jepesi kuhesabika. Ajue pia kwamba akikataa amri ya mahakama, yaweza kuamriwa fedha zikatwe katika mshahara wake kabla hazijafika mkononi mwake. Ni heri mtu atoe kwa hiari, akabaki na uso mbele ya wakubwa wake wa kazi.

Kwa mfugaji na mkulima mambo ni magumu zaidi, maana mali yake huja na kwenda pamoja na mvua. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na wafugaji wengi wa Garissa, Wajir na Mandera waliona mifugo yao ikifa mbele ya macho yao. Mtu aliyeamriwa kutoa kiasi fulani akiwa na ng'ombe 60, naye sasa amebaki na 4, afanye nini? Wengi hunyamaza, huzima simu na kuhama. Hilo ni kosa. Amri ya masurufu hugeuzwa na mahakama hiyo hiyo, hali ikigeuka. Na aende, aeleze, alete hata barua ya chifu kuthibitisha hasara yake, aombe kupunguziwa mpaka mvua zirudi. Akikimbia, deni laongezeka, na aweza kukamatwa kwa kudharau amri. Akienda mwenyewe, atasikizwa. Na kama amri yaweza kupunguzwa wakati wa njaa, yaweza vile vile kuongezwa wakati wa neema.

Mama naye asikawie. Wanavyuoni wa Shafi wafundisha kwamba nafaka ya mke isiyolipwa huwa deni juu ya mume. Lakini nafaka ya mtoto iliyopita haiwi deni mpaka hakimu awe ameiamuru. Maana yake, mama aliyesubiri miaka minne akitumaini kwamba baba atatanabahi, huenda asipate kitu kwa miaka hiyo minne. Siku ya kupeleka shauri ni mwanzo wa shida, si mwisho wake.

Na mnapolipana, lipaneni kwa njia yenye kumbukumbu. Tangu mwaka 2007 tumekuwa na M-Pesa, na kila shilingi iliyotumwa huacha alama. Baba aliyelipa hawezi kusingiziwa kwamba hakulipa, na asiyelipa hawezi kudai kwamba alilipa. Fedha zinazotolewa mkononi sokoni ndizo zinazozaa kiapo na matusi.

Kwa Wasio Waislamu

Garissa ina walimu, wauguzi na makarani wengi waliotoka bara, ambao walioana kanisani au mbele ya msajili. Hao huomba talaka mbele ya hakimu wa kawaida, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Sababu zinazokubaliwa ni kama uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, kumtoroka mwenzi kwa muda usiopungua miaka mitatu, na ndoa kuharibika hata isiweze kutengenezwa. Katika habari za watoto, sheria yao ni ile ile ya mwaka 2022.

Karatasi

Kila tulilolieleza hapo juu husimama au huanguka kwa jambo moja dogo, yaani maandishi. Kusajili ndoa na talaka za Waislamu katika Kenya kuliagizwa tangu mwaka 1906; na sheria ya mwaka 2014 imeendelea kutaka ndoa zote zisajiliwe, na ndoa ya Kiislamu iozeshwe na kadhi, sheikh au imamu aliyepewa idhini. Hata hivyo ziko ndoa nyingi machungani zisizo na hati yoyote. Ndoa hiyo mbele ya Mungu ni ndoa. Lakini mwanamke akifika mahakamani na mume akasema, "Simjui," atahitaji kutafuta mashahidi waliokwisha kuhama kufuata malisho, na pengine wengine wamekwisha kufa.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya, nayo hayamgharimu mtu mali nyingi:

1. Anayeoa na anayeolewa wachukue hati ya ndoa, na ndani yake meher itajwe: kiasi gani, kimelipwa kiasi gani, na kimebaki kiasi gani.

2. Kila mtoto apatiwe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili.

3. Mume akitoa talaka, aiandike tarehe, ni ya ngapi, na mashahidi ni nani, kisha aisajili kwa Kadhi. Asiyefanya hivyo amemweka mke katika shaka, hata asiweze kuolewa kwa utulivu.

4. Makubaliano ya wazee juu ya watoto yaandikwe mbali na makubaliano ya mume na mke, na yathibitishwe mahakamani.

5. Mama mwenye shida na asiye na wakili aende ofisi ya watoto ya serikali, au kwa karani wa mahakama, aulize. Si lazima mtu awe na wakili ili asikizwe na Kadhi au na Mahakama ya Watoto.

Huenda wengine watasema kwamba kuandikiana ni kukosa imani, na kwamba babu zetu waliishi bila karatasi. Twawajibu kwamba babu zetu walikaa mahali ambapo kila mtu alimjua kila mtu, na neno la mzee mmoja lilitosha kutoka kisimani hata kisimani. Siku hizi mume aweza kuwa Garissa leo, Nairobi kesho, na kesho kutwa yuko ng'ambo. Tena Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, yaamrisha deni liandikwe mbele ya mashahidi. Ikiwa deni la gunia la sukari laandikwa dukani, kwa nini chakula cha mtoto kisiandikwe?

Wahenga walisema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Mume na mke wakishindana, kila mmoja ana jamaa wa kumtetea na miguu ya kumpeleka kwingine. Mtoto hana ila wao wawili. Basi ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki, mkiona kwamba hamwezi kukaa pamoja tena, achaneni kwa wema na kwa maandishi. Kisha kila mwezi, baba na mama, kumbukeni kwamba yule mtoto mliyemzaa pamoja bado ni wenu nyote wawili.